Mbona Kwenye Zile Filamu Muuza Bia Haonekani?

Vijana wenzangu, kama una bando la kutosha wikiendi hii, tafuta mtandaoni zile filamu fupi za zamani za Marekani za kuwaonya wanafunzi wasinywe pombe. Zipo bwerere. Jamaa mmoja anaitwa Rick Prelinger alizikusanya kwa miaka wakati wengine wanaziona takataka, na mwaka 2002 mkusanyiko wake ukachukuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Nyingi ni za dakika kumi hivi. Utacheka. Nywele zinang'aa mafuta, baba amevaa tai mezani nyumbani kwake, na msimulizi anaongea kama mkuu wa wilaya aliyekuja kuzindua choo cha shule.

Cheka. Ukimaliza, itazame tena uone nani yumo na nani hayumo.

Chukua kazi za Sid Davis. Huyu bwana alikuwa anasimama mahali pa John Wayne wakati mafundi wanapanga taa na kamera, na Wayne huyohuyo ndiye aliyemkopesha dola 1,000 za kutengenezea filamu yake ya kwanza, ya kuonya watoto kuhusu watu wasiowajua. Baadaye akatengeneza zaidi ya 150, kwa bajeti ya kubana kwelikweli. Moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 inaitwa The Bottle and the Throttle. Kijana anakunywa bia na wenzake, anashika usukani, anamgonga mama na mtoto wake. Basi, maisha yameisha. Kwa Davis ndivyo ilivyo, ukikosea mara moja tu umekwisha, na kesi yote ni ya kijana peke yake.

Sasa jiulize. Ile bia ilitengenezwa na nani? Nani aliitangaza kwenye gazeti? Nani alipokea hela? Nani alikula kodi yake? Katika filamu za aina hii ni nadra sana kukutana na hao watu. Kijana anaonyeshwa kama vile pombe imemwotea mfukoni.

Na Wamarekani hawakuanza jana kuwahubiria watoto. Mwishoni mwa karne ya 19 kuna mama aliitwa Mary Hunt, wa umoja wa wanawake wa Kikristo wa kupinga ulevi, alizunguka kushawishi wabunge mpaka ikafika 1901 kila jimbo lina sheria ya kufundisha madhara ya pombe shuleni. Kizazi kilichokaa kwenye madarasa hayo ndicho kilichopiga marufuku pombe nchi nzima mwaka 1920, na kikairuhusu tena 1933 baada ya magendo kuwatajirisha majambazi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, jeshi likagundua kwamba filamu inafundisha askari haraka. Vita vikaisha, shule zikapata mashine za kuonyeshea filamu, na kampuni kama Coronet, Encyclopaedia Britannica Films na Centron zikaona soko hilo hapo.

Niwe mkweli, sio zote ni za vitisho. Ya mwaka 1954 ya Centron, wale wa Kansas, inaitwa What About Drinking? Vijana wanabishana wenyewe kuhusu pombe, kila mmoja na lake, halafu mwishoni haitoi hukumu. Inawageukia wanafunzi na kuwauliza: nyie mnaonaje? Mwalimu anazima mashine, darasa linaanza kubishana. Jamani, miaka 70 iliyopita! Sisi mpaka leo tunaitwa ukumbini, tunakalishwa saa tatu, mgeni rasmi anasoma hotuba, anapanda gari anaondoka. Swali la kwanza kutoka kwa kijana halijasikika bado.

Lakini waliopendwa na wakubwa ni wale wa kutisha. Mwaka 1959 huko Ohio ikatoka Signal 30, ina picha za ajali halisi, maiti halisi, na jina ni ile kodi ya redio ya polisi kwa ajali yenye kifo. Wanafunzi wa udereva wakaonyeshwa hiyo. Wengine walizimia, wengine walicheka. Na barabarani watu waliendelea kufa.

Hebu tuone basi kilichobadilisha mambo. Mwaka 1971 Wamarekani walishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, na majimbo mengi yakashusha na umri wa kununua pombe. Ajali za vijana zikapanda. Mwaka 1980 mama mmoja, Candy Lightner, alimpoteza binti yake wa miaka 13, aliyegongwa na mlevi. Mlevi mwenyewe alikuwa mtu mzima aliyeshawahi kukamatwa kwa kosa hilohilo na bado yuko barabarani. Sio kijana wa kwenye filamu ya Davis. Lightner akaanzisha chama cha akina mama, wakawakaba koo wabunge. Mwaka 1984 Reagan, ambaye mwanzoni hakuitaka, akatia saini sheria ya kukata sehemu ya fedha za barabara kwa jimbo lolote linaloruhusu aliye chini ya miaka 21 kununua pombe. Kufika 1988 majimbo yote yalikuwa yamenyooka. Vifo vya vijana barabarani vikapungua.

Hiyo 21 mimi siipendi, nakiri. Nchi iliyokuwa ikikupeleka Afghanistan na bunduki ukiwa na miaka 19 halafu inakunyima bia ina matatizo yake. Tubishane tu. Ila angalia sheria ilimbana nani. Ilimbana anayeuza, ikaibana serikali ya jimbo kwenye mfuko.

Huku kwetu filamu za mafunzo ni za zamani kuliko hata hizo za Davis. Mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza waliweka kambi Vugiri, kule Tanga, wakawa wanatengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya, hadi kuweka akiba posta. Lugha ileile ya juu kwenda chini. Mkoloni ameondoka, ile sauti imebaki kwenye mabango na makongamano.

Kumbuka viroba. Miaka na miaka dogo wa sekondari anakipata kwa Mangi, kimepangwa karibu na bigijii, kinaingia mfuko wa shati. Mabango yalikuwepo, hotuba zilikuwepo. Kilichoviondoa ni katazo lililoanza tarehe 1 Machi 2017, na hapo nampa sifa hata niliyekuwa simpendi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kabisa kumuuzia mtoto pombe. Ipo kwenye vitabu. Basi makamanda, mnaohudhuria vikao vya baraza la madiwani huko mliko, mpeni diwani wenu swali moja aulize kikao kijacho: mwaka huu ni baa na grosari ngapi za kata hii zimefikishwa mahakamani kwa kuwauzia watoto? Atajie namba. Na kama ni sifuri, aseme sifuri, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.