Swali la Nyumbani katika Chuo cha Ugenini

Si jambo geni katika kaunti za Kitui na Makueni kuona jamaa wakiitisha mchango ili kijana wao aende kusoma Ulaya. Ng'ombe huuzwa, fedha za ndengu na maembe huwekwa kando, na pengine hata shamba la urithi hutajwa. Kwa hivyo masomo ya ng'ambo si suala la mtu mmoja bali ni suala la ukoo mzima. Hata hivyo, mara nyingi ukoo huo huuliza maswali mawili tu: ni chuo kipi, na ni shilingi ngapi? Makala haya yanashikilia kwamba lipo swali la tatu lenye uzito zaidi: kijana huyo anakwenda na swali gani?

Suala la gharama, bila shaka, halipaswi kupuuzwa. Vyuo vikuu vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi karo, lakini tangu Septemba 2024 mwombaji wa viza ya masomo ametakiwa kuthibitisha kuwa ana yuro 11,904 za kujikimu kwa mwaka. Aghalabu fedha hizo hutiwa katika akaunti maalumu ambayo humtolea sehemu ndogo kila mwezi. Uswidi ilianza kuwatoza karo wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya mwaka 2011, nayo Finland ikafuata mwaka 2017. Aidha, mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa kwa ajili ya masomo ya Finland na Kanada. Mzazi wa Mwingi au Wote ana kila sababu ya kutahadhari.

Lakini hata fedha zikipatikana, swali la tatu linabaki. Mfano bora wa jibu lake umo Kitui kwenyewe. John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931, akasoma Makerere, kisha akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1963. Katika utafiti wake aliilinganisha dhana ya siku za mwisho katika Agano Jipya na mawazo ya Wakamba kuhusu wakati. Yaani, hakwenda Cambridge mikono mitupu akingoja apewe la kuchunguza. Alikwenda na lugha ya mamaye, naye akaichanganua mifumo ya njeo za vitenzi vya Kikamba kama ushahidi wa kitaaluma. Alipochapisha kitabu chake African Religions and Philosophy mwaka 1969, alichagua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, yawe istilahi za nadharia yake. Wasomi wa dunia nzima wakalazimika kuyatamka.

Yupo atakayepinga kwamba mfano huu una walakini. Okot p'Bitek, ambaye naye alisoma Oxford, aliwashutumu wasomi wa kizazi hicho, Mbiti akiwamo, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Wengine wamelikataa dai la Mbiti kuwa Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Pingamizi hizi zina haki ya kusikika. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye lugha yake inahesabu kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, anaweza kuliendeleza zogo hilo hadi leo. Lakini hiyo ndiyo faida yenyewe: swali lililotoka Mulango limezaa mjadala ambao wana wa Mulango wanaweza kuushiriki kwa ushahidi wa lugha zao.

Kinyume chake pia kipo katika historia. Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin kilianza kufundisha Kiswahili mwaka 1887. Miongoni mwa walimu wake wa baadaye alikuwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli. Kitabu hicho kilipochapishwa mwaka 1903, kilitambulishwa kwa jina la mhariri wake, Carl Velten. Ujuzi ulitoka pwani ya Afrika. Sifa zikabaki Ulaya. Mwanafunzi anayekubali kuwa mkusanyaji wa data tu katika mradi wa mwingine hayuko mbali sana na hali hiyo.

Ni kweli kwamba mfadhili na msimamizi huwa na mada wanazozipendelea, na mwanafunzi maskini hana uhuru wote. Ndiyo maana maandalizi yaanzie nyumbani. Idara za Kiswahili, zikiwamo za vyuo vya ukanda huu, zimtake kila anayeomba nafasi ya ng'ambo aandike kwanza pendekezo la utafiti kwa Kiswahili na kulitetea mbele ya wenzake. Vyama vya wanafunzi navyo vimdai kila arudishaye shahada muhtasari wa tasnifu kwa Kiswahili fasaha, uwekwe katika maktaba ya chuo alikoanzia. Hayo hayahitaji mfadhili.

Wapo wanaoamini kwamba deni la msomi hulipwa kwa kurejea tu. Mbiti aliishi Uswisi kwa miongo mingi, na huko ndiko alikofariki mwaka 2019. Hata hivyo, mwaka 2014 ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kiyunani. Kwa upande mwingine, wapo waliorejea wakiwa na vyeti, lakini hawawezi kuieleza tasnifu yao kwa lugha ambayo wazazi wao wanaielewa. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtu anaweza kukikataa kwao akiwa ameketi papo hapo uani. Ukoo uliouza ng'ombe unastahili kuambiwa, kwa lugha unayoijua, ng'ombe hao walinunua nini.