Safari ya Treni Asia: Pesa Ifuate Tiketi

Kutoa watoto na shosho Nairobi, muende Bangkok, halafu mpande treni hadi Beijing, si safari ya kupanga jioni moja kwa simu. Reli ya Thailand ina upana wa milimita 1,000, kama ile yetu ya zamani ya Mombasa. Mkifika Vientiane, Laos, mnashuka na mizigo yote, kwa sababu reli ya kwenda Kunming, iliyofunguliwa Desemba 2021, ni ya milimita 1,435 kama SGR. Ni kilomita 1,035, na mpakani mnashuka tena kukaguliwa pasipoti. Kwa hivyo kulipa kampuni ya utalii iwapangie yote haya ni pesa halali kabisa.

Tunachopinga ni kulipa yote mara moja.

Tuchukue mfano wa China. Tiketi za treni za ndani kwa kawaida huanza kuuzwa siku 15 kabla ya safari, na kila moja hukatwa kwa jina na pasipoti ya msafiri. Sasa kampuni ikikuambia Februari umalize malipo ya Agosti "kabla tiketi ziishe", uliza: tiketi gani? Hiyo pesa bado hainunui kiti. Umewakopesha tu, bila riba. Wakifunga ofisi Juni, ujumbe wa malipo utathibitisha ulilipa, lakini hautarudisha pesa.

Watasema ukilipa yote sasa unapata punguzo. Enyewe punguzo ni tamu, lakini lipime na karo ya muhula mzima ikipotea.

Sisi tungelipa hivi, mdogo mdogo:

- Kwanza, hakikisha kampuni iko na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA), kisha ulipe kiasi kidogo cha kuanzisha kazi.
- Lipia ndege ukionyeshwa tiketi zenye majina yenu.
- Lipia treni za China zikianza kuuzwa. Na uangalie bei ya watoto: wa chini ya miaka 6 asiye na kiti chake husafiri bure, mmoja kwa kila mtu mzima, na wa miaka 6 hadi kabla ya 14 hulipa nusu. Usikubali kutozwa bei ya mtu mzima.
- Tumia Paybill au Till pekee. Soma jina kabla malipo hayajakamilika. Lisipolingana na la kwenye leseni, simamisha malipo. "Tuma kwa namba ya bosi" si malipo ya kampuni.
- Hifadhi kila ujumbe wa malipo pamoja na risiti yake.

Kampuni nzuri haitakasirika ukiomba ratiba ya malipo iliyoandikwa. Ikikasirika, umeshapata jibu lako, na pesa bado iko kwa simu yako.