Mwali wa Zamunda

BARAZANI KWA SOMOE
Na Somoe Mnali

Baba mkwe wangu alipita hapa Likunja mwezi wa sita, akitokea Nachingwea kumjulia hali dada yake. Nilimwekea kiti sebuleni, nikamtengea chai na mihogo ya kuchemsha, kisha nikakaa mkekani karibu na mlango. Wajukuu zake walitaka kumchangamsha babu. Wakachomeka flashi kwenye televisheni, wakafungua folda iliyoandikwa VICHEKESHO. Likatokea bwawa la kuogea la kifahari, kijana wa kiume kajinyoosha ndani yake, wasichana wanamwogesha. Mara mmoja wao akaibuka kutoka chini ya maji na kutangaza kwamba kiungo cha mwana wa mfalme kimekwisha takata. Kijana aliyetia sauti ya Kiswahili juu ya picha hakutosheka kulisema mara moja. Alilirudia mara tatu, kila mara kwa neno chafu zaidi.

Mkwe aliweka kikombe chini taratibu. Akavaa baraghashia yake, akatoka barazani, akamuuliza mume wangu kama mbaazi zimeanza kutoa maua. Wakaongea habari za mbaazi mpaka magharibi. Mimi nilijificha jikoni, na chakula nilimtuma mtoto akipeleke.

Msomaji wa huku kwetu anaelewa nilichokipata. Babu na mjukuu ni watani; wangekuwa peke yao, mzee angecheka mpaka machozi yamtoke, tena angeongeza na la kwake. Shemeji na shemeji wanataniana, binamu na binamu wanataniana, na maneno yanayotoka hapo hayaandikiki gazetini. Lakini mimi na baba mkwe tuna heshima ambayo haina utani ndani yake hata chembe. Kichekesho kilekile kilikuwa halali kwa watu watatu mle sebuleni na haramu kwa wawili, na aliyekifungua alikuwa na miaka tisa.

Kesho yake nikaipeleka flashi kwa kijana aliyetujazia, pale stendi ya Ruangwa. Sikwenda kugombana. Nilitaka kujua kwa nini filamu nzima ya karibu saa mbili imebaki dakika moja na nusu. Akanijibu kwa adabu: "Mama, filamu nzima watu hawaombi siku hizi. Wanaomba vipande vya kuchekesha, mimi najaza." Akanionesha folda yenyewe kwenye kompyuta. Katuni ya paka na panya, mtu anateleza kwenye tope, mahubiri ya mzaha, bwawa la kuogea, mtoto anacheza muziki. Vyote kapu moja.

Kipande kile nilikitambua mara moja. Ni cha *Coming to America*, filamu ya mwaka 1988 iliyoongozwa na John Landis, ambamo Eddie Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Zamunda. Kwao Marekani ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini mpaka aongozane na mzazi au mlezi. Sisi ilitufikia kwa kanda za VHS. Mimi niliiona Nachingwea, kwa mama mdogo, kwenye televisheni ndogo iliyowashwa kwa jenereta. Nakumbuka hata jinsi watoto tulivyotolewa nje mwanzoni mwa filamu na kuitwa tena ndani bwawa lilipokwisha kupita. Mama mdogo hakujua Kiingereza, ila kanda ile aliijua mahali pa kutoa watoto na mahali pa kuwarudisha.

Baadaye yakaja mabanda ya video, na kwenye mabanda wakaja wafasiri. Aliyeifanya kazi hiyo ijulikane nchini ni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilisafiri mikoani na sauti yake ikawa sehemu ya filamu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao. Hii kazi naiheshimu sana. Mfasiri mzuri anamchukua mtu asiyejua Kiingereza, anampitisha kwenye hadithi ya Wamarekani, anamfungulia mafundo, anamwambia huyu ni mbaya na huyu atakufa, na anatia chumvi yake ya Kiswahili. Kutia utani wa watu wazima nako kumo tangu zamani. Lakini banda la video lilikuwa na mlango, na mlangoni alikaa mtu wa kupokea hela. Kama mtu huyo aliwajibika au hakuwajibika ni suala lingine. Mlango ulikuwepo, na mwenye banda angeweza kubanwa kwa ajili yake.

Basi nikaitafuta filamu nzima. Niliipata Nachingwea kwa mzee aliyekuwa na librari ya kukodisha, ambaye bado ana kabati la DVD nyumbani kwake. Yangu ni moja ya zile sahani zenye filamu kumi za mwigizaji mmoja, jalada limechapwa kwa herufi za kubanana, picha ya Murphy ina rangi ya manjano. Nimekaa nayo wiki mbili. Sauti inakwama kidogo katikati, maandishi ya chini ni ya Kiingereza kibovu, lakini filamu ipo yote, na kwa hilo tu sahani hii ina thamani kuliko folda nzima ya stendi.

Niliiangalia na mama mkubwa. Mama mkubwa ni kungwi. Amewafunda wali wa vijiji vyetu kwa miaka mingi na mimi nimepita mikononi mwake. Kwenye bwawa aliguna tu. Aliwahi kusema na kuimba mambo makubwa kuliko hayo mbele ya wanawake waliochezwa, na aliniuliza kitu ambacho mimi sikuwahi kukifikiria: "Hawa wanaoogesha, mbona hawana majina?" Kweli hawana. Wameandikiwa neno moja la kusema, na neno lenyewe ni la kumsifu mwanamume. Kwenye unyago maneno ni ya wanawake wenyewe. Wao ndio wanaocheka na wao ndio wanaochekesha, na mwanamume akitajwa anatajwa ili apimwe.

Kisha ikaja sehemu ambayo vipande vya stendi havina. Akeem anatimiza miaka 21 na analetewa mke asiyemjua, Imani Izzi, anayeigizwa na Vanessa Bell Calloway. Anashuka na vazi la dhahabu, mrembo, macho chini. Akeem anamvuta pembeni, anamuuliza anapenda nini. Anajibu kwamba anapenda chochote anachopenda bwana. Anamuuliza chakula, muziki. Jibu ni lile lile, kwa sababu tangu azaliwe amefundishwa kumhudumia huyu na kumkubalia. Akeem anamwamuru abweke kama mbwa. Anabweka. Anamwamuru aruke kwa mguu mmoja. Anaruka, na gauni la harusi mwilini.

Ukumbi wowote duniani unacheka hapo, na mimi nilicheka nilipokuwa mdogo. Mama mkubwa hakucheka. Alinyoosha mkono niisimamishe, akasogea karibu na kioo. "Nani alimfunda huyu?" Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya fundi aliyeona kazi mbovu ya fundi mwenzake. Mwali anafundwa kuheshimu, akasema, na anafundwa pia kujua mwili wake na kujua thamani yake, na akitoka ndani atoke na ulimi. Binti anayeruka kwa mguu mmoja kwa sababu ameambiwa aruke, kwake yeye huyo hakufundwa, ameibiwa.

Nimeliwaza jambo hilo siku nyingi. Filamu hii ya matusi ina moyo wa heshima kuliko nyingi zilizovaa buibui. Akeem anamwacha yule mrembo na kwenda Queens, New York, kudeki sakafu kwenye mgahawa, ili apate mwanamke atakayeweza kumkatalia. Anampata Lisa, na Lisa anamkatalia kwelikweli anapogundua amedanganywa. Bwawa la mwanzo na Imani wa baada yake ni kitu kimoja: kijana aliyelelewa kwa kuhudumiwa, ambaye hata kuoga anaogeshwa, anaanza kuchoka kutiiwa. Ukikata bwawa ukalitupa stendi peke yake, umebakiza uchafu ukaondoa sababu yake. Aliyekata hakumdhuru Murphy. Ametudhuru sisi, maana binti yangu amemwona mwogeshaji na hajamwona Imani.

Naliona kosa hilo hilo kwenye vichekesho vya nyumbani. Enzi za VCD na DVD za Bongo, ambapo hadithi moja ilikatwa ikauzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, tulinung'unika kununua mara mbili, lakini tulipata hadithi. Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyetutoka tarehe 8 Agosti 2018, aliweza kuupitisha utani wa chumbani kwa jicho na kwa kuguna, mtoto akacheka kwa sababu babu ameanguka na mkubwa akacheka kwa sababu anajua kilichomwangusha. Huo ni ustadi wa juu kabisa, kusema na watu wa aina mbili kwa mdomo mmoja. Leo naletewa vipande vya vijana ambao ustadi wao wote ni kutaja kiungo kwa sauti kubwa. Kutaja si kazi. Bi Kidude wa Unguja alipeleka ngoma ya unyago majukwaani duniani, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na kila aliyemwona akipiga alijua anazungumzia mambo ya kitandani, naye hakuhitaji kutaja.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tunayo tangu mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ina kazi ya kukagua filamu na kuipa daraja la umri. Daraja linachapwa kwenye jalada. Kipande cha dakika moja na nusu hakina jalada. Sidhani mkaguzi yeyote wa Dar es Salaam atafika kwenye kompyuta ya stendi ya Ruangwa, kwa hiyo namwomba anayekaa mbele ya kompyuta hiyo, ambaye ni mtoto wetu na mama yake tunamjua. Nimemwomba mambo mawili. La wakubwa aliweke kwenye folda yake na aliandike jina lake waziwazi. Na mteja akiomba kipande cha filamu, amjazie na filamu yenyewe, nafasi kwenye flashi ipo. La kwanza amelifanya siku hiyo hiyo mbele yangu. La pili ameniambia ataangalia.

Sehemu ya pili, *Coming 2 America*, haikupita sinema. Corona ilikuwa imefunga kumbi, filamu ikatolewa moja kwa moja majumbani kupitia Amazon tarehe 5 Machi 2021. Mimi niliipata kwa flashi. Imepunguza matusi, hata daraja likashushwa kuwa PG-13, na kwangu mimi imekuwa chafu zaidi. Hadithi yote imesimama juu ya usiku ambao Akeem aliingiliwa na mwanamke akiwa amelevywa kwa bangi bila kujua anachofanya, na tunatakiwa tucheke. Angekuwa Lisa aliyefanyiwa hivyo asingecheka mtu. Mdomo umesafishwa, jambo lenyewe limeoza. Na Imani yumo, miaka thelathini imepita, bado anabweka na bado anaruka kwa mguu mmoja. Mama mkubwa aligeuza uso.

Alichokipenda ni kesi ya urithi. Sheria ya Zamunda haimruhusu binti kurithi kiti, na Akeem ana mabinti watatu, kwa hiyo anakwenda Queens kumchukua mtoto wa kiume aliyetungwa mimba usiku ule, Lavelle, aje awe mrithi. Sisi Wamwera tunahesabu ukoo kwa mama. Mama mkubwa alisikiliza tafsiri yangu, akanikatiza.

"Wanampeleka mtoto kwa baba asiyemjua? Mjomba wake yuko wapi?"

Nikamwambia mjomba yupo, anaitwa Reem, ndiye aliyesaidia kumlea, na atakuja Zamunda.

"Basi acha iendelee," akasema, akavuta mkeka mbele kidogo.