MTOTO ALIYEFIWA ASIDANGANYWE

Na Mganga wa Zahanati, Tabora



Mara nyingi ukurasa huu huzungumza juu ya maji ya kuchemsha, vyoo na vyandarua. Leo nataka tuzungumze juu ya maumivu ambayo darubini haiyaoni. Ni huzuni ya mtoto aliyefiwa ambaye bado anasoma.

Mwaka jana bibi mmoja alimleta mjukuu wake zahanati. Mtoto yuko darasa la tatu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alilia tumbo. Nilimpima malaria, hana. Nilipima choo, hakuna minyoo. Wakarudi nyumbani. Wiki ya pili wakaja tena, tumbo lile lile, na safari hii mtoto ana alama za fimbo miguuni. Bibi akasema mwalimu amemchapa kwa utoro. Siku za treni, honi ikisikika tu, mtoto hutoka darasani mbio hadi stesheni.

Nikamwuliza, "Mdogo wangu, unakwenda kutazama nini?"

Akajibu, "Namngoja baba."

Bibi akainamisha kichwa. Baba wa mtoto huyo alikuwa amekufa miezi minane iliyopita. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa jirani wa mbali. Aliporudi akaambiwa baba amesafiri kwenda Kigoma. Basi yeye akangoja treni ya kutoka Kigoma. Aliyaamini maneno ya wakubwa wake, kama tunavyomfundisha, na kwa ajili hiyo akachapwa.

Mimi ni kijana, na wazee watanisamehe. Lakini nasema wazi kwamba desturi hii ya kuwaficha watoto habari ya kifo inawaumiza. Tunadhani tunawahurumia. Kwa kweli tunajihurumia sisi, maana ni vigumu kuyatamka maneno yale mbele ya mtoto.

Sisi watu wa Tabora tunajua maana ya kungoja. Karne ya 19 babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, safari ya miezi kadhaa kwa miguu. Wengine walikufa njiani kwa ndui, njaa au vita, wakazikwa huko huko. Nyumbani hakuna aliyejua. Mke na watoto walingoja msafara mwingine urudi ndipo wapate habari. Siku hizo hapakuwa na njia nyingine. Leo simu inaleta habari kabla jua halijatua. Kwa nini basi tumfanye mtoto angoje?

Mwambieni ukweli kwa maneno mafupi. "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa wala maumivu. Hatarudi. Sisi tupo, tutakutunza." Ayaseme mtu ambaye mtoto anampenda na kumzoea. Msiseme "amelala", maana mtoto ataogopa kulala, au ataogopa mama yake akilala mchana. Msiseme "amesafiri". Shehe na padri watamfundisha mambo ya Mungu, na hiyo ni kazi njema, lakini kwanza ajue kwamba kifo ni kifo.

Mtoto wa miaka mitatu au minne hataelewa kwamba aliyekufa harudi. Atauliza leo, kesho atauliza tena. Mjibuni vile vile bila kumkaripia. Wa miaka saba au minane huanza kuelewa, na huyu ana hatari nyingine. Hujilaumu. Nimemwona mtoto wa kike aliyekataa kwenda kisimani alipotumwa na mama, na wiki hiyo hiyo mama akafa kwa uzazi. Mtoto akaamini kwamba yeye ndiye aliyemwua. Alikaa na jambo hilo moyoni muda mrefu, na hakuna aliyemwuliza. Kwa hiyo mwambieni mtoto hata kama hajauliza: "Si kosa lako."

Tena msishangae mtoto akicheza mpira siku ya matanga. Nimesikia wakubwa wakisema, "Huyu hana uchungu." Uchungu anao. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Atacheza, kisha usiku atalia au atakojoa kitandani. Msimpige kwa kukojoa.

Yafaa pia mtoto aende mazikoni akitaka, ashikwe mkono na mtu mzima mmoja aliyetulia. Apewe na kazi ndogo, kama kuchota maji pamoja na wenzake. Sisi tuna watani. Utani wetu na Wazaramo na wengine ulikua katika njia ile ile ya misafara, na mpaka leo mtani huingia msibani, akafanya vituko na kuomba fedha, watu wakacheka katikati ya kilio. Ni dawa nzuri. Lakini angalieni, dawa hiyo huishia kwa wakubwa. Mtoto hukaa nyuma ya nyumba peke yake, hana mtani.

Sasa nataja jambo ambalo wengine hawatapenda niliandike. Msibani watu husema, "Huyu hakufa bure, amerogwa." Wanataja jina, na mara nyingi ni jina la bibi mzee. Watoto wanasikia. Kesho yake mtoto anapelekwa kuishi kwa bibi huyo huyo! Atalalaje? Atakulaje ugali wake? Katika mkoa wetu na mikoa jirani vikongwe wameuawa kwa maneno ya namna hii. Kama marehemu alikufa kwa malaria au kifua kikuu, waganga wa zahanati na hospitali wanaweza kuwaeleza nyinyi jamaa zake. Njooni mwulize, na mtoto naye aelezwe kwa kiasi cha umri wake.

Vijana wa sekondari na wa darasa la saba tunawasahau zaidi, kwa sababu wanaonekana wakubwa. Msichana mama yake akifa hukabidhiwa wadogo, jiko na mtungi siku hiyo hiyo. Mvulana hupelekwa kwenye shamba la tumbaku au kukata kuni za bani. Mwezi mmoja shuleni hawaonekani, na mwezi wa pili jina limefutwa kichwani mwa watu. Tangu 2016 Serikali imefuta ada hadi kidato cha nne, kwa hiyo sababu si ada. Sababu ni kwamba ukoo umekaa ukagawa ng'ombe, mabati na shamba, lakini haukukaa kuamua nani atapika ili msichana aende shule.

Mwalimu Nyerere alisoma hapa, Shule ya Tabora. Mwaka 1942, alipokuwa katika miaka yake ya mwisho ya masomo hapa, baba yake, Chifu Burito wa Wazanaki, alifariki huko Butiama. Mwaka uliofuata kijana huyo aliingia Makerere. Masomo hayakukatika. Hata mtoto wa mkulima asiyejulikana anastahili kuendelea hivyo.

Walimu nao nawaomba jambo. Watu wengi wa nchi hii wanakumbuka tarehe 6 Mei, 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Taifa zima liliomboleza, na kuagwa kwao kulijaza uwanja. Hiyo ilikuwa sawa. Lakini mtoto anayefiwa na mama peke yake kijijini hapati uwanja. Ana dawati lake tu na mwalimu wake.

Kwa hiyo mwalimu, kabla mtoto hajarudi, waambieni wenzake wasimcheke wala wasimwulize maswali ya marehemu alikufaje. Akirudi, mwite pembeni, mpe pole, mwambie akizidiwa anaweza kutoka nje kidogo bila kuomba ruhusa mbele ya watu. Kazi za shule aendelee nazo, maana utaratibu wa kila siku humtuliza, ila usimpe adhabu kwa daftari lililokosekana wiki ya matanga. Masomo yakishuka, usimwite mvivu. Na tarehe ya kifo ikirudi mwaka unaofuata, mwangalie tena. Wengi huanguka siku hizo, wakati watu wote wameshasahau.

Mtoto anayesema anataka kumfuata marehemu, aliyeacha kula au kusema kwa wiki nyingi, au kijana aliyeanza gongo na bangi baada ya msiba, mleteni zahanati haraka. Tutazungumza naye, na ikibidi tutampa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, au ya mkoa pale Kitete. Katika halmashauri yupo pia ofisa ustawi wa jamii. Kazi yake ni pamoja na watoto kama hawa.

Yule mtoto wa treni tulimweleza mimi na bibi yake, tumekaa chini ya mwembe nje ya zahanati. Alilia sana. Bibi alilia pia, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulia mbele ya mtoto. Jumamosi wakaenda kaburini pamoja. Tumbo halikupona siku hiyo. Lilichukua kama miezi miwili, na mpaka sasa kuna asubuhi linamsumbua. Mwalimu wake nilikwenda kumwona. Kwanza alikasirika, akasema hakuna aliyemwambia kwamba mtoto amefiwa. Hapo alikuwa na haki.

Ndiyo maana tumekubaliana na mwenyekiti wa kitongoji kwamba kifo kikitokea katika nyumba yenye mwanafunzi, yeye mwenyewe atamjulisha mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, kama anavyowajulisha wachimba kaburi. Vijiji vingine mnaweza kuleta jambo hili katika mkutano wa kamati ya shule. Halihitaji fedha.