Wanaouguza Nyumbani na Haja ya Sauti Moja

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini, faili lake hueleza shinikizo la damu, dawa alizoandikiwa na tarehe ya kurudi kliniki. Halielezi ni nani atakayemgeuza kitandani kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgandamizo, wala nani atakayemketisha wima wakati wa kula ili asipaliwe. Kazi hiyo humwangukia mke, binti au mkwe, ambaye pengine alielekezwa kwa dakika chache tu, amesimama mlangoni na mizigo mkononi. Hospitali humwita “ndugu wa mgonjwa”, na jina lake haliandikwi.

Watu hao ni wengi, ila wametawanywa na majina ya maradhi. Wazazi wa watoto wenye selimundu wana vikao vyao, wa wenye mtindio wa ubongo vyao. Wanaomuuguza mzee aliyepoteza kumbukumbu mara nyingi hawana kikao chochote, kwani hata jirani husema ni uzee tu. Kila kundi likibisha hodi peke yake huambiwa kuwa shida yake ni ya wachache.

Uingereza ilipita njia hiyo. Mwaka 1965 Mchungaji Mary Webster, aliyeacha kazi ili awatunze wazazi wake, alianzisha chama cha wanawake wasioolewa wenye mzigo kama wake. Posho ya wenye kuuguza ilipoanza mwaka 1976, wanawake walioolewa hawakuhesabiwa, kwa dhana kwamba mke yumo nyumbani hata hivyo. Mlango huo ulifunguka mwaka 1986 tu, kwa kesi ya Jacqueline Drake, mke aliyemuuguza mama yake, iliyofika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Mwaka 1988 chama cha awali, kilichokuwa kimekwisha kupanua uanachama, kiliungana na kingine kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya wote wanaouguza. Mwaka 1995 ilipatikana sheria iliyompa anayeuguza haki ya kuomba mahitaji yake mwenyewe yatathminiwe.

Tanzania si ngeni kwa umoja wa namna hiyo: vyama vya watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali vina shirikisho lao, SHIVYAWATA. Na dai la kuanzia lipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004, kifungu cha 34 kilimpa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 4 mtoto wake anapougua au kufariki. Kwa mwenzi na mzazi kilitaja kifo peke yake. Yaani mume alipewa siku za kumzika mkewe, si za kumuuguza. Dai la kurekebisha jambo hilo halina jina la ugonjwa. Vyama vya wafanyakazi, makanisa, misikiti na vikundi vya wagonjwa vinaweza kulibeba pamoja.

Wapo wahudumu wa afya watakaohofia kwamba umoja huo utakuwa baraza la malalamiko dhidi yao. Hofu hiyo inaeleweka katika wodi yenye wauguzi wachache, lakini haina msingi. Muuguzi ndiye anayempokea tena mgonjwa aliyerudi na kidonda mgongoni kwa sababu nyumbani hakuna aliyefundishwa. Kuandika jina na simu ya anayeuguza katika fomu ya kuruhusiwa, na kumfundisha siku mbili tatu kabla, ni madai ambayo muuguzi angeweza kuyatia sahihi yeye mwenyewe.

Uongozi, hata hivyo, usiwe wa madaktari. Wakae kama washauri, na kiti cha mwenyekiti apewe anayeamka usiku. Ugumu ni kwamba mtu huyo hawezi kuondoka nyumbani kwenda mkutanoni. Basi vikao vifanyike siku za kliniki, palepale wanaposubiri, na fedha za kwanza zitakazochangwa zisinunue fulana wala mabango, bali zimlipe mtu wa kukaa na mgonjwa kwa saa hizo mbili.