Asiyekuwapo na Lake Lipo

Hakuna mwenye akili timamu awezaye kuilaumu desturi ya waliosoma pamoja kutafutana wakisha kuwa watu wazima. Ujana ni mali ambayo mtu huijua thamani yake baada ya kuitumia, na mashahidi wa matumizi yake ni wachache. Mwenzako wa darasani akumbuka jina la utani ambalo mkeo halijui. Akumbuka maharage ya bwenini, kengele ya alfajiri, na fimbo uliyochapwa kwa kosa lake. Ukifiwa, wenzako hukuchangia. Ukioza binti, hujaa ukumbini. Huu ni wema, nami sikushika kalamu kuupinga. Nimeishika kuupinga uongo uliojificha ndani ya wema huo.

Sisi tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1995, wavulana na wasichana, katika shule moja ya bweni. Sasa tuna chama. Katika mkutano wetu mmoja mwenyekiti alisoma orodha ya wanachama, ambayo ilinakiliwa kutoka katika matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 1998. Niliuliza habari za msichana mmoja aliyekuwa kiranja wa darasa letu kwa miaka miwili, na ambaye jina lake halikusomwa. Mweka hazina alijibu kwa mzaha, "Asiyekuwapo na lake halipo." Watu wakacheka, na mkutano ukaendelea na hesabu za michango.

Methali hiyo ni ya kweli penye kugawa nyama ya shughuli. Asiyefika wakati sahani zinapita hana wa kumlaumu ila miguu yake. Lakini aliyekuwapo akatolewa hawezi kuhesabiwa sawa na aliyekawia njiani. Kiranja wetu hakukosa kuja shule, alifungiwa mlango. Siku moja ya mwaka 1997 wasichana walipangwa mstari, wakapimwa mimba mmoja mmoja, na kabla ya chakula cha mchana sanduku lake lilikuwa nje ya bweni. Mvulana aliyehusika, ambaye sote tulimjua, alibaki, akafanya mtihani, akafaulu. Mimba huandikwa katika mwili wa msichana. Katika mwili wa mvulana haiachi hata nukta. Leo jina la mvulana yule lasomwa katika orodha yetu, na mchango wake hupigiwa makofi.

Sisemi kwamba darasa letu lilipatwa na balaa la peke yake. Desturi ile ilikuwa ya nchi nzima. Kanuni za Elimu za mwaka 2002 zilitaja ndoa na makosa ya maadili miongoni mwa sababu za kumfukuza mwanafunzi, na mimba ikahesabiwa humo. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba msichana aliyezaa hatarudi shuleni. Mwezi Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Wizara ya Elimu ilitoa waraka ulioruhusu waliokatiza masomo, kwa mimba au kwa sababu nyingine, warejee katika mfumo rasmi. Basi serikali, yenye mihuri na askari, imeweza kuligeuza neno lake. Sisi tusio na kitu ila kumbukumbu bado twatekeleza amri ya mwaka 1997. Tena mlango uliofunguliwa mwaka 2021 hauwafai wanawake wa rika letu, ambao baadhi yao wana wajukuu. Kwao umebaki mlango mmoja tu, na ufunguo wake tunao sisi.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza husema kwamba kuwaita ni kuwaaibisha. Nauliza, ni aibu ya nani? Aliyebeba sanduku kichwani mbele ya shule nzima alikwisha kuimaliza aibu yake siku ile ile. Iliyobaki ni ya sisi tuliokuwa tukichungulia madirishani, nasi twaificha kwa kusingizia huruma.

Hoja ya pili husema kwamba hawakumaliza, kwa hiyo si wenzetu. Wasemao hivyo hawaisikilizi lugha yao. Kiswahili husema "tuliosoma pamoja". Hakisemi "tuliofaulu pamoja". Mtu akikaa nawe dawati moja kwa miaka miwili, akakueleza hesabu iliyokushinda na kukugawia sabuni yake, amesoma pamoja nawe. Cheti hakiwezi kuongeza wala kupunguza kitu katika jambo hilo.

Hoja ya tatu ni ya hazina: chama kina gharama, na asiyechanga hana haki. Hapa ndipo palipo kidonda. Daftari la michango limelimeza daftari la mahudhurio. Kijana aliyerudishwa nyumbani zamani kwa kukosa ada, leo hutolewa katika kundi la simu kwa kukosa mchango. Amefukuzwa mara mbili kwa kosa moja, nalo ni umaskini. Serikali iliiondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule zake tangu mwaka 2016. Ni ajabu kwamba sisi twaitoza katika kumbukumbu.

Ninachokitaka si kigumu. Orodha ya wanachama na iwe ile ya siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, si ile ya siku ya matokeo. Mwenye nacho achange. Asiye nacho aje na simulizi yake, maana ndiyo tuliyoikutania. Mwalimu wetu wa darasa alipoita jina asipate jibu, hakuliruka. Aliuliza, "Yuko wapi?" na mmoja wetu alilazimika kusimama na kujibu. Chama kisichouliza swali hilo ni chama cha waliofaulu, nacho kijiite hivyo, kiache kutumia jina la darasa.

Nami sijitoi katika lawama hii. Mwaka 1997 nilikuwa dirishani, nikaliona sanduku, nikarudi kukaa. Mkutanoni watu walipocheka, nilinyamaza. Baadaye nilifunga safari kwenda kwa kiranja wetu. Ni mshonaji, ana cherehani mbili barazani kwake. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilibeba daftari la mahudhurio kila asubuhi, aliyataja majina yetu kwa mpangilio wake, arobaini na mawili, pamoja na ya watatu waliokwisha kufa ambao chama hakina habari zao. Alipofika penye jina lake alilitaja pia, akaendelea na lililofuata.

Niliyaandika yote. Katika mkutano ujao nitaomba majina hayo yasomwe badala ya matokeo ya mwaka 1998, naye atakuwapo, ameketi karibu yangu. Atakayepinga na asimame, aseme sababu zake mbele ya uso wake.