Koko alinyamaza majuma matatu

Juma hili siandiki juu ya shamba wala sabuni. Ninataka kusema juu ya masomo yetu ya kwenye simu, kwa sababu nilifanya kosa huko, na mama mmoja alikuwa karibu kutuacha.

Wengi mnajua tulivyoanza. Kutoka hapa mpaka Kisangani ni kilometa 128, na aliyepita barabara ile wakati wa mvua anajua kwamba hizo si kilometa za kawaida. Kumleta mfundishaji kila juma ni gharama, na kuwakusanya wamama wa vijiji vya mbali ni gharama nyingine. Lakini wengi wetu tuna simu, au tuna mtoto mwenye simu. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukaingia wamama 24, mdogo ana miaka 19, mkubwa ana 67. Somo ni moja: afya ya mtoto nyumbani.

Masomo ya mbali tulikuwa tumeyaonja. Machi 2020, shule zilipofungwa nchi nzima kwa ajili ya korona, watoto walifuata masomo kwenye redio. Redio inasema, mtoto anasikiliza, na akiwa na swali anabaki nalo. Sisi tulifikiri kwenye simu watu watajibizana. Kweli walijibizana, na shida ikaanza hapo.

Somo la tatu lilikuwa juu ya meninjiti, homa ya uti wa mgongo. Hapa kwetu hakuna wa kueleza ugonjwa huo ni nini. Septemba 2021, serikali ilipotangaza mlipuko katika Banalia yetu, walikuwa wamekwisha kuhesabu wagonjwa 261 walioshukiwa, na kati yao 129 wamekufa. Sampuli zilipelekwa mpaka Institut Pasteur ya Paris ndipo jina la ugonjwa likathibitishwa. Wengine wetu tulizika kabla ya kulijua jina hilo.

Niliandika somo kama nilivyozoea, mistari sita. Homa kali, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, macho kukataa mwanga. Na kwa mtoto mchanga, utosi kuvimba. Mwisho nikaweka neno moja: "Maswali?"

Vijana wakatuma vidole gumba, basi. Kisha Koko wetu, yule wa miaka 67, akatuma sauti ya dakika tatu. Dakika ya kwanza ilikuwa salamu: watoto wameamkaje, mvua imeharibu mihogo ya nani, yule aliyejifungua anaendeleaje. Halafu akaanza kusema juu ya mtoto wa dada yake, namna shingo lake lilivyokataa kuinama, na namna walivyomkanda kwa mawese siku mbili.

Binti mmoja akaandika haraka: "Koko, hiyo si kweli, soma somo," na nyuso nne za kucheka. Mimi, kwa kutaka kuzuia hatari, nikaandika chini yake: "Shingo hatuikandi. Tunakimbia kituo cha afya. Sawa."

Nililosema ni kweli, na ningelisema tena leo, maana ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya siku moja. Lakini nililisema mbele ya watu zaidi ya ishirini, na mmoja wao ni mke wa mwanawe.

Koko akanyamaza. Juma la kwanza nikadhani mega zimekwisha, la pili nikadhani rezo ni mbaya upande wao. Nikaandika, "Koko, uko?" Hakuna jibu. Juma la tatu nikapanda toleka, nikaenda kwake.

Alinipa kiti, akanipa ndizi, akauliza habari za nyumba yangu yote. Halafu akasema, "Mwanangu, ulisema kweli. Lakini ulinisahihisha sokoni."

Nikaomba msamaha. Akaniuliza kama nilisikiliza sauti yake mpaka mwisho. Wamama, niseme ukweli: sikusikiliza. Nilisikia mawese, nikakata, nikaandika. Tukaifungua tena pale pale, tukasikiliza pamoja. Katika dakika ya tatu Koko anasema hivi: tulimkanda siku mbili, na hizo siku mbili ndizo zilizotuua mtoto, ninyi mlio wadogo msingoje kama sisi. Alikuwa anafundisha somo langu, kuliko nilivyolifundisha mimi. Kwa namna ya wazee alianza kwa mbali, na neno kubwa akaliweka mwisho.

Kuna jambo lingine nililolijua siku hiyo tu. Simu si yake, ni ya mjukuu wake wa kiume wa miaka 15. Yeye ndiye anayefungua ujumbe na kumsomea. Nyuso zile za kucheka, mjukuu alizielezea, na akacheka naye. Na tulipofundisha juu ya damu baada ya kuzaa, Koko hakusikia kitu, kwa sababu kijana aliona haya, akaruka.

Msidhani ninawalaumu mabinti. Nilipomfuata yule aliyeandika "si kweli", alikuwa na yake pia. Ana mtoto wa miezi minne. Anasoma masomo usiku mtoto akilala, na hawezi kufungua sauti ya dakika tatu bila kumwamsha, anataka maandishi. Aliona "Sawa" yangu yenye nukta, akafikiri nimemkasirikia yeye. Zaidi ya hayo, alikuwa ameniandikia peke yangu kuuliza kama utosi wa mtoto wake unaopiga-piga ni ugonjwa. Alama mbili zikageuka buluu, maana yake nimesoma, na mimi nikakaa siku mbili bila kujibu, nikisema moyoni nitamjibu vizuri Jumamosi. Kwetu wakubwa, kukawia ni kutafakari. Kwake kulikuwa jibu: swali lake ni la kijinga. Usiku mbili hakulala, mkono juu ya kichwa cha mtoto. (Na kama nawe unajiuliza: utosi unaopiga taratibu ni kawaida. Unaovimba na kukaza mtoto akiwa ametulia, huo ndio wa kumkimbiza kituoni.)

Tangu hapo ninatuma kila somo mara mbili: maandishi mafupi, na sauti isiyozidi dakika mbili ambayo inaanza kwa salamu. Sauti inakula mega chache sana kuliko video, kwa hiyo video tumeziacha. Anayekosea ninampigia au ninamwandikia peke yake, na yeye mwenyewe anarudi kwenye kundi kusahihisha, kama anataka. Swali la mama mwenye mtoto mgonjwa ninalijibu mara moja, hata kama ni kusema tu "nimeona, nenda kituoni, tutaongea."

Nilijaribu pia kumpanga kila mkubwa na binti wa kumsaidia. Hiyo haikwenda vizuri. Mabinti walijibu maswali badala ya wazee wao, na majibu yote yakawa sahihi, na hakuna aliyejifunza. Halafu miaka haisemi yote. Kundini tuna mwalimu mstaafu anayeandika kuliko sisi sote, na tuna mama wa miaka 28 ambaye hakupata shule, alikuwa anatuma kidole gumba kila siku asijulikane. Ningemwuliza tangu mwanzo anapenda kupokea somo namna gani, angeniambia. Nilimkadiria kwa sura yake.

Koko alirudi. Alirekodi upya habari ya mtoto wa dada yake, dakika moja na nusu, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya kwao. Salamu alizifupisha, lakini hakuziacha, na mimi sikumwomba aziache. Binti yule yule ndiye aliyeiandika chini yake, neno kwa neno, kwa ajili ya wanaosoma usiku. Aliandika "shingo lilikataa kuinama", si "kukakamaa" kama mimi, na wamama watatu wakaniambia kwamba sasa wameelewa.

Somo la juma hili litatumwa Jumatano saa kumi na mbili jioni: mtoto anayehara, na namna ya kumnywesha. Alhamisi tutakaa chini ya mwembe, simu moja katikati, kwa wale ambao simu zao ni za wajukuu. Koko atakuwepo. Wajukuu wabaki nyumbani.